Kodi Yetu na Zawadi Zao

Walimu wenzangu wamekwisha kuandika habari za kilimo, za usafi wa nyumba, na za malezi ya vijana, nao wameandika vema. Mimi leo nataka kunena habari za kodi. Najua ya kuwa jambo hili halipendezi masikioni, na pengine msomaji atataka kufunua ukurasa wa pili upesi. Walakini namwomba asubiri kidogo, maana hata asiyependa kusoma habari za kodi huilipa, na huenda amekwisha kuilipa leo asubuhi kabla hajanywa chai.

Sisi watu wa Tarime na Serengeti twasifiwa mbali kuwa wakali. Mgeni akishuka garini hapa husikia kwanza habari za mapanga, kisha habari za ng'ombe walioibwa, ndipo husalimiwa. Lakini katika mambo ya kodi sisi ni wapole kama kondoo, ila kwa sharti moja, kwamba kodi hiyo isionekane. Ikija mchana kweupe na kubisha hodi, twaikasirikia. Ikija usiku imevaa nguo ya zawadi, twaipigia vigelegele na kuichinjia mbuzi.

Wazee wetu waliijua kodi kwa sura yake. Wadachi waliiweka kodi ya nyumba mwaka 1898, ikahesabiwa kwa rupia. Waingereza walipoitwaa nchi wakaendelea na kodi ya nyumba, wakaongeza na kodi ya kichwa. Vijana wengi wa Kikurya walivuka kwenda Kenya kufanya kazi ya mashamba na ya migodi ili wapate shilingi za kodi, na wengine walipeleka fahali mnadani, wakarudi nyumbani na karatasi mkononi. Serikali ya uhuru iliifuta kodi hiyo mwaka 1969. Ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina jipya la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003.

Sisemi kodi ile ilikuwa njema. Wanaume wazima walilala milimani kati ya mawe kwa kuwaogopa mgambo, na mtu mwenye mbuzi wawili alitozwa sawasawa na mwenye ng'ombe mia mbili. Kuifuta kulikuwa haki, na aliyeifuta apewe shukrani yake. Lakini yule mzee aliyelipa aliijua siku aliyolipa, aliujua mkono uliopokea, naye aliihifadhi stakabadhi yake katika kibuyu au katika mkunjo wa blanketi. Kwa hiyo alikuwa na ulimi. Katika iritongo, mahali ambapo jamaa wote hukutana na kunena wazi, aliweza kusimama na kuuliza, "Fedha niliyoitoa baada ya mavuno imefanya nini?" Asingejibiwa vizuri, labda, lakini hakuna aliyemwambia kwamba haimhusu.

Siku hizi Zakayo amebadilika. Yule wa Injili alipanda mkuyu, na watu wote walimwona juu ya tawi, wakanung'unika. Zakayo wa leo hapandi mti. Amekaa ndani ya mche wa sabuni, ndani ya lita ya petroli, ndani ya simu, na ndani ya zile tarakimu za umeme tuziitazo LUKU. Wenzetu wa ng'ambo ya Sirari walimtambua upesi, hata tangu mwaka 2023 wakampa Rais wao, William Ruto, jina hilo hilo la Zakayo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia katika jengo la Bunge kwa ajili ya Muswada wa Fedha, na kesho yake Rais akasema kwamba hatautia sahihi. Siusifu moto ule, maana watu walikufa, na mtoto wa mtu hanunuliwi kwa muswada. Lakini wengi wa vijana wale walikuwa wamesoma au wamesomewa yaliyoandikwa. Sisi tulitazama kutoka upande huu, tukatikisa vichwa, tukasema Wakenya ni watu wa fujo, kisha tukaenda dukani kununua LUKU.

Basi na tuitazame hiyo LUKU, na jinsi ilivyofungamana na zawadi niliyoitaja.

Tarehe 1 Mei 2021, katika sherehe ya wafanyakazi huko Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kodi ya mshahara itapunguzwa kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8 katika daraja la chini. Wafanyakazi walishangilia sana. Mimi ni mwalimu, nami hupenda hesabu kuliko vigelegele, nikachukua chaki. Daraja hilo la chini huanzia shilingi 270,000 na kuishia 520,000, yaani lina upana wa shilingi 250,000. Asilimia moja ya 250,000 ni 2,500. Kwa hiyo mfanyakazi aliyefaidi kuliko wote alifaidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na aliyepata mshahara mdogo alifaidi chini ya hapo. Si haba, ni kilo moja ya sukari, au karibu.

Kisha ukaja Julai wa mwaka huo huo. Kila lita ya mafuta ya gari iliongezewa shilingi 100. Tarehe 15 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Agosti kodi ya majengo ikaingizwa katika LUKU, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Tozo ya simu ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba hiyo hiyo, baada ya watu kulalamika, na ikapunguzwa tena mwaka 2022, nasi tukashukuru tena. Kila mkono ulionyang'anya na kurudisha kidogo ulipokea shukrani mara mbili. Mwalimu aliyemtumia mama yake fedha ya dawa huko Mugumu aliirudisha ile zawadi ya Mei Mosi kwa kidole gumba, naye hakuisikia ikitoka.

Habari ya kodi ya majengo yapendeza zaidi. Mwenye nyumba ndiye mwenye jengo, na jengo ndilo litozwalo. Lakini anunuaye umeme ni mpangaji. Basi mpangaji, asiye na tofali hata moja duniani, akalipa kodi ya nyumba isiyo yake, akaambiwa apatane na mwenye nyumba wake. Yeyote aliyewahi kupanga chumba pale Tarime mjini ajua mapatano ya namna hiyo huishaje.

Sipingi kodi. Mtu aliyelelewa vema hali chakula cha jirani na kuondoka bila kunawa, wala hanywi maji ya kisima asichokichimba. Barabara, zahanati, polisi wa kuzuia wezi wa mifugo, na mshahara wangu mwenyewe, vyote hutoka katika kodi. Wale wahubirio kwamba kodi zote zifutwe, na papo hapo watu wapewe kila kitu, wamesahau kujumlisha. Ninalolipinga ni kodi kuvuliwa jina lake njiani, hata ifikapo kijijini imekwisha kuwa sadaka ya mtu.

Mwaka 2021 nchi ilikopa shilingi trilioni 1.3 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na athari za UVIKO-19, na kwa fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000. Ni kazi njema. Watoto waliokaa chini ya mwembe walipata paa, nami sitamcheka mtu aliyemjengea mtoto paa. Lakini tulivyoyapokea! Kila aliyesimama kunena, kuanzia mtendaji wa kijiji mpaka mgeni rasmi, alisema ya kwamba "Mama ametoa fedha". Hakuna aliyesema "tumekopa", wala hakuna aliyesema "tutalipa", ingawa wenye kulipa walikuwa wamekaa mbele yake juani, wamevaa fulana alizowagawia. Sidhani Rais mwenyewe alijidai kwamba alizitoa mfukoni. Wasifu ndio waliomvika joho hilo.

Namkumbuka mzee mmoja, katika kampeni fulani, katika kijiji ambacho sitakitaja ili watu wake wasisumbuliwe. Mgombea alinena saa nzima jinsi chama chake kilivyowaletea wanakijiji zahanati. Alipokwisha, mzee akainuka taratibu, akaegemea fimbo yake, akasema, "Mwanangu, nakushukuru. Nataka kujua neno moja tu. Hiyo zahanati, uliuza ng'ombe wako wangapi?" Watu wakacheka. Mgombea naye akacheka, akamjibu, "Baba, fedha ni ya serikali." Mzee akauliza, "Na serikali, ng'ombe wake huchungwa wapi?" Hapo mwenye kipaza sauti aliwasha muziki.

Wengine watasema mimi nakisema chama tawala. La, ngojeni, nimeweka akiba ya wote. Wilaya ya Tarime yafaa kuwa darasa la taifa katika jambo hili, maana imejaribu kila rangi. Mwaka 2005 ilimchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA. Alipofariki katika ajali ya gari Julai 2008, uchaguzi mdogo wa Oktoba ulikirudishia CHADEMA kiti. Mwaka 2010 kikaenda CCM. Mwaka 2015 jimbo liligawanywa kuwa mawili, na yote mawili yakaenda CHADEMA. Mwaka 2020 yote mawili yakaenda CCM. Kiti kilibadili kitambaa mara nyingi kuliko viti vya saluni, na wako wanasiasa waliobadili kitambaa wao wenyewe bila kungoja uchaguzi. Katika miaka hiyo yote sikuona makato ya mshahara yakibadilika kwa sababu ya bendera iliyopepea katika ofisi ya mbunge. Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, kupitia Nyamwaga na Nyamongo, ilitiwa lami katika hotuba mara nyingi kabla haijaonja lami ya kweli.

Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa neema kubwa kwa wasikilizaji. Upande wa CCM uliahidi shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na kazi ya kuzidisha si ngumu: zaidi ya shilingi bilioni 600. Hakuna mtu katika mkutano aliyeuliza zitatozwa kwa nani. Watu waliuliza watagawanaje. Mpaka sasa wangali wanauliza. Upande wa pili, uliokuwa na Edward Lowassa, uliahidi elimu ya bure mpaka chuo kikuu. Nao hawakuulizwa lolote, maana neno "bure" likitamkwa huziba masikio yote. Lugha yetu, hata hivyo, ilikuwa na hekima ilipolipa neno hilo maana mbili. Kitu cha bure ni kile usichokilipia, na kazi ya bure ni ile isiyo na matokeo. Januari 2016 ada zilifutwa mpaka kidato cha nne, na wazazi wengi waliacha kulipa ada wakaacha na kuuliza. Baba aliyekuwa akija shuleni kila muhula kuulizia ada yake, na papo hapo akaulizia kwa nini mwanawe hajui kusoma, hakuonekana tena. Huyo ndiye niliyempoteza kwa ajili ya neno bure, nami namsikitikia kuliko ada yenyewe.

Sasa twende Nyamongo, maana mtu hawezi kunena habari za kodi ya mapato huku kwetu akaupita mgodi wa North Mara kama asiyeuona. Mgodi ule ulianza mwaka 2002. Mwalimu hukatwa kodi kabla hajaushika mshahara. Tumchukue mwenye shilingi 800,000: huondolewa kwanza shilingi 40,000 za mfuko wa hifadhi, kisha katika 760,000 zilizobaki hukatwa kodi ya shilingi 68,000, wala haulizwi kama mwezi huo amepata faida. Kampuni huulizwa. Kampuni huhesabu kwanza gharama zake, na hasara ya mwaka jana, na hasara ya mwaka juzi, ndipo kodi ya mapato hukadiriwa katika masalio, kama yapo. Mwalimu naye angepewa ruhusa hiyo, akatoa chakula, nauli, viatu, matibabu ya mkwe na michango ya harusi, ingeonekana wazi kwamba tangu aajiriwe hajapata faida hata mwaka mmoja, na serikali ingemwonea huruma. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba kampuni ya Acacia, mwenye mgodi wakati huo, ilipaswa kulipa dola za Marekani milioni 41.25, kwa kuwa iliwagawia gawio wenye hisa zake wa London huku kampuni zake za hapa zikionekana hazina faida ya kutozwa.

Halafu ukaja mwaka 2017. Serikali iliidai kampuni hiyo dola bilioni 190, kodi pamoja na riba na faini. Nchi nzima ilitetemeka kwa furaha; wako watu waliokwisha kugawa fedha hizo kwa kila raia na kuchagua aina ya gari. Mwaka 2019 kampuni ya Barrick ilikubaliana na serikali kulipa dola milioni 300, na serikali ikapewa hisa za asilimia 16 katika migodi. Nisamehewe nikiyasema haya kwa hesabu ya Kikurya. Mtu alidai ng'ombe 633, akarudi nyumbani na ng'ombe mmoja, na sehemu ya 16 katika kila mia ya zizi. Labda ng'ombe mmoja aliyepo ni bora kuliko 633 wa maneno, na sehemu ya zizi ni jambo ambalo hatukuwa nalo kabla ya hapo. Hilo nalikiri waziwazi. Lakini mzee yeyote wa ukoo aliyekwenda kudai mahari ya 633 na kurudi na mmoja angeitwa aeleze, wala asingeandaliwa ngoma. Sisi tuliandaa ngoma mara mbili, siku ya kudai na siku ya kupokea. Na baadhi ya wapinzani, waliopiga kelele miaka mingi kwamba dhahabu yaibwa, siku ile ilipozuiwa waliinuka kuonya kwamba tutashtakiwa na wenye mali. Huenda walionya kweli. Ila wasikilizaji wao hapa walibaki wamesimama katikati ya barabara, hawajui walie na nani.

Nisije nikaonekana nawachapa wanasiasa peke yao, maana wao huuza kile kinunuliwacho. Mfanyabiashara wa mjini akimwuliza mnunuzi, "Mwalimu, nikuandikie risiti au nikupunguzie?" ni wangapi kati yetu wasemao "niandikie"? Pale Sirari sukari huvuka mpaka usiku juu ya pikipiki, na mwenye pikipiki ndiye wa kwanza kulalamika kwamba kituo cha afya hakina dawa. Sheria yaamuru mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Nimehudhuria. Watu hujaa wakati wa kugombana habari za mipaka ya malisho. Mtendaji akifunua daftari la hesabu, vijana huinuka kwenda kutazama mpira, wakina mama hukumbuka jiko, na wazee hubaki kwa sababu miguu imekufa ganzi. Babu zao walikaa kutwa katika iritongo kwa ajili ya ndama mmoja.

Kwa hiyo mimi nimeanzia pale nilipo. Mwaka huu, katika somo la asilimia, nimewaacha watoto wa darasa la sita wasihesabu tena machungwa ya Juma. Niliwaambia kila mmoja alete bei ya kitu alichotumwa dukani. Msichana mmoja alileta sabuni ya shilingi 1,180. Nikawafundisha kwamba kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, tukagawanya, tukapata shilingi 1,000 za sabuni na shilingi 180 za serikali. Darasa lilinyamaza. Kisha wakaanza wenyewe, bila kuambiwa, kuhesabu sabuni za mwezi, na za mwaka, na za kijiji kizima, hata kengele ikalia nao hawakutoka. Yule msichana aliandika katika daftari lake, kwa herufi kubwa, "Mimi ni mlipa kodi," akalipeleka nyumbani.

Jumamosi iliyofuata wazazi watatu walikuja kwangu, wawili wa chama hiki na mmoja wa kile, wakaketi, wakakohoa, wakaniuliza kwa heshima mwalimu ni wa chama gani. Nikawaonyesha kitabu cha Hesabu, sura ya asilimia. Wakalitazama zoezi, wakatazamana, na yule wa tatu akaniomba kalamu.